Yule mama wa kwenye Tom and Jerry ana uso?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 5 na mwenzake 11, tunaishi Mwanza. Jioni huwa tunaangalia Tom and Jerry pamoja. Mkubwa aliniuliza kwa nini yule mama mweusi mwenye ufagio hana uso, nikakosa la kumjibu. Wiki iliyofuata tukaikuta katuni ileile kwenye simu, ila mama amegeuka mzungu mwembamba. Halafu ipo nyingine ina watu weusi wanataka kumpika Tom, hiyo niliizima. Je, katuni hizi ni za kibaguzi? Niache kuwaonyesha?"

Marahaba, mama. Mwanao ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi wameangalia katuni hizi miaka nenda rudi bila kujiuliza, kwa hiyo nitaanza na swali lake, lako lifuate.

Uso anao. Umeonekana kwa nadra mno, tena kwa kufumba na kufumbua, na mwishoni nitakuelekeza pa kuutafuta. Lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Filamu ya kwanza ya paka huyu na panya huyu inaitwa Puss Gets the Boot. Ilitoka tarehe 10 Februari 1940 katika studio ya MGM, Hollywood, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Paka bado aliitwa Jasper. Kisa chenyewe ni chepesi: mtumishi wa nyumba anamwonya paka kwamba akivunja chombo kimoja tena, atatupwa nje. Panya akasikia. Tangu hapo kila akifukuzwa ananyanyua glasi au sahani, na paka anaganda palepale kwa hofu. Utaona kwamba mama huyo ndiye serikali ya nyumba ile. Mtoe yeye, na panya hana silaha, paka hana cha kuogopa, na kichekesho chote kinaanguka. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu humtaja kama pambo la pembeni, wakati yeye ni nguzo.

Studio ilimwita Mammy Two Shoes. "Two Shoes" ni kwa sababu tunachokiona ni miguu: soksi zilizoporomoka, sapatu, aproni, mikono minene iliyoshika ufagio. "Mammy" ndilo neno lenye uzito. Katika hadithi za Wazungu wa kusini mwa Marekani, mammy ni mwanamke mweusi mnene, mkali lakini mwenye huruma, anayelea watoto wa bwana wake na kuipenda nyumba hiyo kuliko yake. Ni kumbukumbu ya utumwa iliyotiwa sukari. Ilimstarehesha mwenye nyumba kuamini kwamba aliyemtumikisha alikuwa anafurahi.

Taswira hiyo ilikuwa kila mahali mwezi ule. Siku 19 baada ya katuni hiyo kutoka, yaani tarehe 29 Februari 1940, Hattie McDaniel alipokea tuzo ya Oscar kwa kuigiza mhusika aliyeitwa Mammy katika filamu ya Gone with the Wind, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Sherehe ilifanyika katika Ambassador Hotel, Los Angeles, na yeye aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa filamu ileile.

Sauti ya mama wa kwenye katuni ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyejulikana sana redioni. Ukiwahi kuiona It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, ndiye Annie, mtumishi wa ile familia. Redioni pia alikuwa mtumishi, Birdie, katika The Great Gildersleeve. Mwanamke mwenye kipaji cha kuchekesha nchi nzima, na mlango aliofunguliwa ulikuwa ule wa jikoni. Katika Tom and Jerry jina lake halikuandikwa kabisa kwenye orodha ya waliotengeneza.

Sasa, kuna utani katika filamu ile ya kwanza ambao masikio yetu hayaudaki. Mama anamwambia paka atatoka "out", kisha analitaja neno hilo herufi moja moja: O, W, T. Amekosea, na watazamaji wa Marekani walitakiwa wacheke kwamba mama mweusi hajui hata kuandika neno la herufi tatu. Kumweleza mwanao wa miaka 11 si kazi ngumu. Mwambie afikirie vichekesho vyetu wenyewe vya televisheni, vile ambavyo mlinzi lazima awe Mmasai mwenye Kiswahili cha kuchapia, na dada wa kazi lazima awe ametoka kijijini jana, anashangaa friji. Sote tumecheka. Kinachochekwa pale ni ile hakika kwamba mtu wa aina hiyo ni wa kuchekwa. Mtoto wa Kitanzania anaielewa hali hii vizuri kuliko tunavyodhani, maana anaiona nyumbani kwake.

Kuhusu uso kufichwa, nataka nikutendee haki na niwatendee haki wachoraji. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Dunia ya Tom and Jerry inaonekana kutoka sakafuni, kwenye urefu wa paka na panya. Binadamu akipita ni miguu tu. Mama huyu alipoondolewa baada ya mwaka 1952, wakaja mume na mke wazungu, katika Pet Peeve ya 1954 kwa mfano, na wao pia vichwa vyao vilibaki juu ya picha. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba alinyimwa uso kwa sababu ya rangi peke yake, hajaangalia filamu za kutosha. Ila mzungu wa 1954 asiye na uso alikuwa na nyuso nyingine elfu moja katika sinema za mwaka ule: daktari, rubani, hakimu, mpenzi. Mwanamke mweusi hakuwa nazo. Alikuwa na huyu, na wenzake wawili watatu, wote wana aproni.

Kuna kichekesho kingine ambacho mwanao mdogo anakicheka bila kukijua. Bomu linalipuka, moshi ukitoka uso wa Tom ni mweusi tii, midomo imenenepa, nywele zimefungwa mafundo mafundo. Kwa mtoto wa Mwanza hayo ni masizi, basi. Kwa mtazamaji wa Marekani wa miaka ya 1940 ilikuwa ishara ya zamani sana. Karibu mwaka 1830 mwigizaji mzungu, Thomas D. Rice, alianza kupaka uso wake rangi nyeusi na kucheza kama mtu mweusi aliyemwita Jim Crow. Watu walimiminika. Maonyesho hayo ya minstreli yakatawala majukwaa ya Marekani kwa miongo, na jina la Jim Crow likaja kubandikwa kwenye sheria zilizowatenga weusi na weupe. Wachora katuni wa kwanza walikulia katika hewa hiyo. Bosko, mhusika wa Hugh Harman na Rudolf Ising aliyezindua katuni za Warner Bros. mwaka 1930, alikuwa ameandikishwa rasmi kama mvulana mweusi. Hata glavu nyeupe ambazo wahusika wengi wa katuni huvaa, pamoja na faida yake ya kuutenganisha mkono mweusi na mwili mweusi kwenye filamu isiyo na rangi, zilikuwa pia vazi la jukwaa la minstreli.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwa Tom mwenyewe ni Mouse Cleaning ya 1948. Tom anafukiwa na makaa ya mawe, anaibuka mweusi, na mama wa nyumba, asimtambue, anamuuliza kama amemwona paka. Tom anajibu kwa sauti ya kujikokota, sauti ya yule mtu mweusi mvivu ambaye sinema za miaka ile zilimpenda mno. Hapo masizi yanaacha kuwa masizi.

Tuje kwenye ile uliyoizima. Ni His Mouse Friday, ya 1951. Tom amepata ajali ya meli, anafika kisiwani, Jerry anajipaka masizi ya chungu ajifanye mwenyeji, halafu wanatokea wenyeji wenyewe, weusi, wana mikuki, na wanataka kula. Nilikuwa na miaka 9 nilipoiona kwenye kibanda cha video mtaani kwetu Tanga. Tulikuwa watoto labda thelathini tumebanana kwenye mkeka, na sote tulicheka hadi machozi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba wale ni sisi. Tulikuwa upande wa paka. Nimekuwa mtu mzima, nimefundisha historia ya filamu miaka mingi, na bado jioni ile hunirudia, kwa sababu ndipo nilipoelewa baadaye kwamba picha inaweza kukutukana na wewe ukailipia kiingilio.

Watu wa kisiwa kile hawana nchi wanayotoka. Lugha wanayozungumza si lugha, ni kelele tu. Mfupa kichwani, chungu cha kumpikia binadamu mzima, midomo iliyochukua nusu ya uso: vyote hivyo vilitoka kwenye filamu za safari za porini na michoro ya magazeti, na mchoraji mmoja alimwigiza mwenzake bila yeyote kuuliza Afrika ikoje. Warner Bros. walikuwa nazo pia, kama Jungle Jitters na The Isle of Pingo Pongo, zote za 1938. Na kuna moja ya studio ya Fleischer ya mwaka 1932 yenye Betty Boop ambayo huniumiza kuliko zote, kwa sababu ndani yake yumo Louis Armstrong mwenyewe, amepigwa picha halisi akipiga tarumbeta na kuimba. Katikati ya wimbo, kichwa cha mla watu kinachowakimbiza wahusika msituni kinageuka kuwa kichwa cha Armstrong. Mwanamuziki aliyebadilisha muziki wa karne nzima, na walichoona cha kumfanya ni hicho. Wakati huohuo studio hiyohiyo ilimpiga picha Cab Calloway, mwanamuziki mwingine mweusi, akicheza, ikachora juu ya nyendo zake hatua kwa hatua, na matokeo yake, mwaka 1932 na 1933, ni baadhi ya michoro mizuri kabisa iliyowahi kutengenezwa. Dhihaka na heshima zilikaa kwenye meza moja ya kuchorea.

Usidhani kwamba watu weusi wa Marekani walikaa kimya wakisubiri sisi tuje kukasirika leo. Chama chao cha kutetea haki, NAACP, kilimtuma kiongozi wake Walter White hadi Hollywood mwaka 1942 kuwabana wenye studio. Coal Black and de Sebben Dwarfs, katuni ya Warner Bros. ya 1943 iliyowadhihaki weusi, ilipigiwa kelele mwaka uleule ilipotoka. Katuni ya studio ya Walter Lantz ya 1941 kuhusu mji wa weusi wavivu ilipoletwa tena kwenye kumbi mwaka 1948, NAACP waliandika barua kali, na mwaka uliofuata Universal, waliokuwa wasambazaji wake, wakaiondoa. Mtu akikuambia "zamani hakuna aliyeona ubaya", mjibu kwamba waliochorwa waliuona siku ileile.

Sasa yule mzungu mwembamba. Katuni hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, dakika saba hivi kabla ya filamu kubwa, watazamaji wakiwa wa umri wote. Televisheni ndiyo iliyozigeuza kuwa za watoto, na hapo wenye mali wakaanza kuona aibu. Katikati ya miaka ya 1960, timu ya Chuck Jones, mwongozaji wa katuni, ilipewa kazi ya kumfuta mama mweusi na kuchora mahali pake mwanamke mweupe mwembamba, mwenye lafudhi ya Kiairishi iliyotiwa na mwigizaji wa sauti June Foray. Baadaye, katalogi ya MGM ilipokuwa mikononi mwa kampuni ya Turner, njia ikabadilika: mwili ukabaki mweusi, sauti ya Randolph ikafutwa, akaingizwa Thea Vidale, mchekeshaji mweusi, azungumze Kiingereza kilichonyooshwa. Kwa hiyo kuna mama watatu, si wawili, kwenye mwili wa kichekesho kimoja. Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994, tukazipokea katuni hizi zikiwa tayari zimeshapita kwenye mikasi yote hiyo, halafu kanda na diski za mitaani zikatuletea na zile ambazo hazijakatwa. Ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kubishana juu ya mtu mmoja na wote mkawa sahihi.

Kwa katuni za Warner Bros., United Artists waliokuwa na haki za kuzirusha waliamua mwaka 1968 kuziweka 11 kando kabisa. Mpaka leo wapenzi wa katuni huziita "zile kumi na moja". Na mwaka 2013 toleo la diski la Tom and Jerry lililotangazwa bila Mouse Cleaning na nyingine moja halikutoka kabisa, baada ya wakusanyaji kulalamika.

Msimamo wangu nitausema bila kuuzungusha. Kufuta kimyakimya ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Yule mwembamba wa miaka ya 1960 hakumtendea haki mwanamke mweusi yeyote. Alimwondolea Lillian Randolph kazi yake, na akaiachia Marekani nyumba isiyo na historia. Mwaka 2005 mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg aliwekwa mwanzoni mwa diski za Tom and Jerry azungumze na mtazamaji, na maandishi ya tahadhari yaliyokuja kutumika yanasema kwa uwazi kwamba picha hizi zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa sasa, lakini kuzificha ni sawa na kudai kwamba ubaguzi huo haukuwahi kuwepo. Naliunga mkono neno hilo lote. Ila tahadhari ya maandishi ni ya mtu anayejua kusoma, na mwanao wa miaka 5 hasomi.

Watu huniuliza pia nani alikuwa nyuma ya meza, na jibu lake linafafanua mengi. Wanawake walikuwepo kwa wingi, lakini kwenye chumba cha wino na rangi, wakifuatisha kwa wino mistari ya wanaume na kujaza rangi. Mwaka 1938 Disney ilimjibu msichana aliyeomba kazi kwamba kazi ya ubunifu hufanywa na vijana wa kiume. LaVerne Harding, aliyekuwa mchoraji kamili kwa Walter Lantz tangu miaka ya 1930, ni mmoja wa wachache waliopenya. Floyd Norman, mchoraji mweusi wa kwanza kuajiriwa kwa muda mrefu na Disney, aliingia mwaka 1956, na kufikia hapo mama wa sapatu alikuwa ameshaondoka. Iwao Takamoto, aliyekuja kumbuni Scooby-Doo, alifungiwa na familia yake kambini Manzanar wakati wa vita kwa sababu tu walikuwa na asili ya Kijapani, miaka ileile ambayo studio zilikuwa zinachora Wajapani wenye meno ya panya.

Hata hivyo si kila anayechorwa hukataa. Cartoon Network walipomtoa Speedy Gonzales, panya wa katuni wa Kimeksiko, hewani mwaka 1999 kwa hofu ya kuwaudhi Wameksiko, waliodai arudishwe ni pamoja na jumuiya ya raia wa Marekani wenye asili ya Kilatini, LULAC, na mwaka 2002 akarudi. Sababu haifichiki: Speedy ni mwerevu, hushinda, na anampenda kila mtu. Wenzake walevi na wasinziaji ndio tatizo, na Wameksiko wengi walijua kumtenga yeye na hao. Mama yetu wa ufagio naye yuko karibu na mpaka huo. Ana mamlaka, haogopi mtu, hakuna bosi anayeonekana juu yake. Kuna watazamaji weusi waliompenda kwa moyo wote, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Kwa hiyo, nyumbani kwako. Kwa mdogo, chagua wewe. Muwekee The Cat Concerto: paka, panya, piano na muziki wa Liszt, basi; ilipata Oscar na haina mtu wa kudhalilishwa. His Mouse Friday ulifanya vyema kuizima, na sioni sababu ya kuiwasha tena mpaka awe mkubwa wa kuuliza. Kwa huyu wa miaka 11, usimzimie mama wa ufagio. Mtajie jina la Lillian Randolph, amsikie. Mkitoka hapo muulize kama anajua jina kamili la anayewasaidia kazi hapo nyumbani, kama mnaye.

Na uso. Tafuteni Saturday Evening Puss, ya 1950, ambayo haijachorwa upya. Mama anajipamba chumbani kwake, mapambo mikononi, anatoka kwenda kucheza karata na wenzake. Yaani ana Jumamosi yake. Tom anageuza nyumba kuwa ukumbi wa muziki, Jerry anashindwa kulala, anampigia simu. Mama anaitupa karata na kutimka kurudi nyumbani. Anapokuja mbio moja kwa moja kuelekea kwetu, mwambie mwanao asimamishe, asogeze picha moja moja. Ni sehemu ya sekunde tu. Anawatazama nyinyi, amekasirika, na macho yake yote mawili yanaonekana.